Picha za mawimbi na watu majini, Ziwa Victoria upande wa Mwanza: kasoro, chanzo na dawa

Maelekezo mengi ya kupiga picha za mawimbi na watelezaji wa ubao yametoka kwa watu wa baharini: Hawaii, Australia, Afrika Kusini. Ukiyabeba kama yalivyo hadi Luchelele, Igombe au kwenye miamba ya Capri Point, nusu yake yatakuangusha. Maji ya ziwa hayana chumvi, tena ni ya kijani. Mawimbi yake ni mafupi na hufuatana harakaharaka. Halafu ufukwe wa jiji la Mwanza unatazama magharibi, kwa hiyo jua la jioni linakukodolea macho. Iwe unapiga waogeleaji, wapiga makasia, mitumbwi ya tanga au wimbi lenyewe likipasuka mwambani, karibu kila kasoro iliyo hapa chini ina mzizi kwenye mojawapo ya mambo hayo.

Tafuta dalili yako, ila soma chanzo kabla ya kukimbilia dawa. Dalili moja huweza kuwa na vyanzo viwili, na dawa ya kimoja ikazidisha cha pili.

Wimbi lilikuwa kubwa, kwenye picha limekuwa dimbwi

Chanzo cha kwanza ni kimo chako. Mawe ya Mwanza yanakushawishi upande juu ili uone vizuri, na ukishapanda unalitazama wimbi kutoka utosini. Mgongo wake unachanganyika na maji ya nyuma yake na urefu wote unapotea. Shuka. Kamera ikae sentimita 20 hadi 30 juu ya maji, kiasi cha wimbi kukata mstari wa upeo wa macho. Wimbi la nusu mita likikata upeo linatisha. Wimbi la mita nzima likipigwa kutoka juu ya jabali halina habari.

Cha pili ni lenzi pana. Lenzi ya milimita 24 ukiwa mita 30 kutoka wimbi hulisukuma mbali. Ukiwa ufukweni tumia milimita 200 hadi 400, na uweke kitu ambacho jicho linakijua ukubwa wake: mtumbwi, kasia, kichwa cha muogeleaji.

Cha tatu ni kusubiri kitu ambacho hakiji. Baharini mpiga picha husubiri kundi la mawimbi makubwa lililosafiri kutoka mbali, akapumzika, akasubiri kundi jingine. Wimbi la ziwani limezaliwa na upepo wa hapohapo na linapishana na mwenzake kwa sekunde 3 au 4. Kwenye kina kirefu, wimbi la sekunde 3 lina takriban mita 14 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. La bahari la sekunde 10 lina mita 156. Kwa hiyo hapa hakuna kundi la kusubiri. Piga mfululizo mfupi wa picha 4 au 5 kila mgongo unapoinuka, achia, piga tena. Ukishikilia kitufe mfululizo, kamera nyingi hujaza akiba yake ya muda na kukwama, na wimbi zuri linapita wakati kamera bado inaandika kwenye kadi.

Mahali pa kusimama hupimwa. Wimbi huvunjika kina cha maji kinapokuwa takriban mara 1.3 ya urefu wake. Wimbi la sentimita 60 litavunjika penye maji ya sentimita 80 hivi, yaani kwenye mapaja au kiuno kutegemea wewe ni mrefu kiasi gani. Simama hatua mbili pembeni ya mstari huo, usisimame mbele yake. Usijisumbue kutafuta majira ya maji kupwa na kujaa, kwani ziwani tofauti hiyo haihisiki. Kinachoamua hapa ni upepo.

Ama kuna mawimbi, ama kuna mwanga mzuri, havikutani

Hili ndilo tatizo lenyewe la Mwanza, na si kosa lako. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo maji ya ufukweni hutulia. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto kuliko maji, na kuanzia karibu na adhuhuri upepo hugeuka na kusukuma mawimbi kuja pwani. Asubuhi jua liko nyuma ya mgongo wako, nyuso zinawaka vizuri, lakini ziwa limelala kama kioo. Alasiri mawimbi yapo, ila jua limehamia mbele yako.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuigawa siku: asubuhi piga watu, makasia na mitumbwi inayorudi kutoka kwenye dagaa, jioni piga mawimbi. Ya pili ni kulitumia jua la mbele badala ya kupigana nalo. Kuanzia saa 10 alasiri mwanga hupenya kwenye kilele cha wimbi jembamba kabla halijavunjika, na ile kijani ambayo watu huilalamikia inawaka kama chupa iliyoshikwa dirishani. Hapo pima mwanga kwenye kilele chenyewe, si angani. Ya tatu ni kuvuka kwa kivuko hadi Kamanga, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Ufukwe wa huko unatazama mashariki, kwa hiyo alasiri jua linakuwa mgongoni. Mawimbi yanaweza kuwa madogo kuliko upande wa mjini, lakini kwa picha za wapiga makasia safari hiyo inalipa.

Saa za kuepuka ni mchana wa katikati. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na jua hufika kilele kati ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba husimama utosini kabisa. Macho ya kila mtu yanakuwa mashimo mawili meusi. Kuna kazi moja tu inayolipenda jua hilo, nayo tutaifikia.

Nyuso zimekuwa kiza, au povu limekuwa shuka jeupe lisilo na alama

Mara nyingi vyote viwili vimo kwenye picha moja, na ndiyo maana kusogeza mwanga juu au chini hakusaidii. Kamera inapopima fremu nzima yenye maji yanayometa, inadhani kila kitu kinang'aa na inapunguza mwanga, uso unazama. Ukibadili na kupima uso mweusi peke yake kwa doa dogo la katikati, kamera inajaribu kuufanya wa kijivu, inaongeza mwanga kupita kiasi, na povu linaungua.

Acha kamera isiamue. Weka mpangilio wa mkono. Jua likiwa kali bila wingu, ISO 400 (wepesi wa kamera kwa mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi) na spidi ya shata ya sekunde 1/1600 ni pa kuanzia panapofaa karibu siku zote. Piga picha moja ya majaribio, fungua histogramu, yaani mchoro wa mwanga wa picha, angalia ukuta wa kulia. Povu likigusa ukuta kwa kilele kirefu, punguza theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga maradufu au nusu). Piga RAW, yaani faili ghafi, kwa sababu kiza cha uso kinaweza kuinuliwa baadaye, ila povu lililoungua halirudi. Jua likiwa nyuma ya mtu na huna flashi, chagua moja: ama uache mtu awe kivuli kamili chenye umbo safi dhidi ya maji, kama wanavyofanya wapigaji wa Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa Mwanza, machweo, ama upime uso na ukubali anga liwe jeupe. Katikati ya hayo mawili pana matope tu.

Filta ya polaraiza huondoa mng'ao, lakini inakula stopu 1 hadi 2 na ina pembe yake. Hufanya kazi vizuri ukitazama maji kwa nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake. Ukiwa umelala chini na kamera inachungulia sambamba na maji, itakula mwanga wako bila kukupa kitu. Ivue.

Doa la tone katikati ya fremu, kila picha

Tone kwenye kioo cha mbele cha kasha la kamera lisiloingiza maji ndilo linaloharibu picha nyingi kuliko kosa lolote la mpangilio, na waliosoma maelekezo ya baharini hulizidisha. Kuna dawa mbili zinazopingana: kukifanya kioo kifukuze maji, au kukifanya kioo kiyakubali yatandae kama utando mmoja. Nta na dawa za vioo vya gari hufukuza: maji yanakuwa matone ya mviringo yanayoanguka haraka, lakini yale yanayobaki yanaonekana waziwazi. Mate hufanya kinyume: maji yanatandaa na tone haliumbiki. Shida inakuja unapochanganya, yaani nta jana na mate leo. Hapo unapata madoa yasiyo na umbo.

Kwa kioo bapa na kwa kuba (kioo kilichobinuka kama nusu tufe), dawa ya utando ndiyo rahisi. Wapigaji wa baharini hukilamba kioo. Ziwani usilambe, maji ya ufukweni si ya kuweka mdomoni. Kata kiazi mviringo kibichi, sugua kioo kikiwa kikavu, suuza kidogo tu. Au weka tone la shampuu ya watoto, usambaze kwa kidole, usuuze. Halafu ukiwa majini, zamisha kioo chote chini na ukitoe sekunde moja kabla ya kupiga, si dakika moja kabla. Utando unadumu muda mfupi. Baada ya hapo unakatika na matone yanaanza. Ukikauka kabisa, sugua upya.

Ukungu katikati ya picha, na kufuta nje hakusaidii

Ukungu uko ndani. Ulifunga kasha ufukweni, penye hewa nzito ya unyevu, kisha kamera ikapata joto kwa kufanya kazi na kioo kikagusa maji ya nyuzi joto 25 hivi. Unyevu uliofungiwa ndani ukajibandika mahali palipo baridi kuliko kwingine, ndiyo kioo.

Funga kasha ukiwa chumbani pakavu, ikiwezekana penye kiyoyozi, kabla ya kutoka. Weka ndani pakiti mbili za silika jeli; zilizokwisha kazi zinaweza kukaushwa tena kwa joto dogo. Njiani funika kasha kwa taulo nyepesi yenye maji, usiliache kwenye jua juu ya jiwe. Granite ya Mwanza saa 8 mchana ni kikaango.

Ukungu wa nje ni jambo jingine: umetoka chumba cha baridi moja kwa moja hadi ufukweni. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa zipu dakika 20 hadi 30 ipate joto taratibu. Ukifuta tu, unarudi.

Picha ya nusu majini, nusu hewani: juu kumekaa sawa, chini hakueleweki

Hapa inabidi kutulia kidogo, kwa sababu wengi hulaumu lenzi bure. Kuba la kioo hewani halibadilishi kitu; lenzi inaona mita 5 kuwa mita 5. Likizama, maji na kuba vinafanya kazi ya lenzi ya ziada, na kila kilicho mbali chini ya maji kinaonekana kwa kamera kama kipo umbali wa mara 3 ya nusukipenyo cha kuba mbele ya kioo. Kuba la nusukipenyo cha sentimita 8 linakupa sentimita 24. Kwa hiyo katika fremu moja, mtu aliye juu yuko mita 3 na miguu yake iko sentimita 24. Hakuna fokasi inayotosha pande zote mbili kwenye f/4.

Tumia lenzi ya milimita 16 au pana zaidi kwa kihisi kikubwa (full-frame), f/16, fokasi ya mkono ikiwa kwenye nusu mita. Hapo ukali unaanza karibu sentimita 27 na kwenda mbali, kwa hiyo sehemu zote mbili zinakubalika. Angalia pia lenzi yako inaweza kufokasi karibu kiasi gani; kama mwisho wake unazidi sentimita 50, haiwezi kuwekwa hivyo. Kioo bapa hakifai kazi hii kabisa: chini ya maji kinakuza vitu kwa theluthi moja, na mtu anakatika kiunoni kama amepigwa picha mbili tofauti.

Kuba dogo lina tatizo lake: wimbi dogo tu linalifunika lote. Kipenyo cha sentimita 15 na kuendelea ndicho kinachokupa nafasi ya kuuweka mstari wa maji unapotaka.

Na ndiyo hii kazi inayolitaka jua la utosini. Sehemu ya chini huwa na kiza stopu 2 au zaidi, na jua linaloingia wima ndilo linalofika ndani. Nenda siku tulivu, upepo haujachafua maji, penye mchanga au katikati ya mawe, usiende penye udongo wa mfinyanzi. Mtu awe karibu, chini ya mita moja. Maji haya hayana uangavu wa Zanzibar, na hakuna mpangilio wa kamera utakaokuonyesha kilichofichwa na mwani.

Kila kitu ni kijani kama mchicha

Kijani hiyo ni mwani. Filta nyekundu inayouzwa kwa ajili ya kupiga picha chini ya maji imetengenezwa kwa maji ya buluu; hapa itakupa matope ya kahawia. Kinyume cha kijani ni majenta. Kama huna filta hiyo, zamisha kadi nyeupe au kifuniko cheupe cha ndoo kwenye kina kilekile unachopigia, upime weupe wa picha (white balance) kutoka hapo, na upime upya ukibadili kina. Juu ya maji usiiondoe kijani yote. Ziwa lililogeuzwa buluu kwa kompyuta linajulikana mara moja kwa yeyote aliyekulia Kirumba.

Fokasi imeshika maji, si mtu

Otofokasi hupenda kingo kali na mng'ao, na mbele ya mpiga kasia vimejaa vyote viwili. Tumia eneo dogo, si fremu nzima, na uliweke kwenye ukingo wa tanga, kwenye kasia au kwenye kifua, si kwenye rasharasha. Kamera yenye kipengele cha kuamua ifuatilie kwa haraka gani, ipunguze kasi, vinginevyo kila tone linalopita linaiba fokasi.

Ndani ya kasha, kwa lenzi pana juu ya maji, achana na otofokasi. Milimita 16, f/8, fokasi kwenye mita 1.1: kila kitu kuanzia sentimita 55 hadi mbali kina ukali. Bana pete ya fokasi kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi ili isihame ukisukasukwa.

Picha zimetetemeka zote, hata za vitu vilivyosimama

Uko ndani ya boti na umeegemeza viwiko ubavuni ili utulie. Injini ya kupachika inatikisa mbao, mbao zinatikisa viwiko. Inua viwiko, kaa, acha kiuno kibebe mawimbi, spidi isishuke chini ya 1/1600. Mwombe nahodha apunguze moto unapopiga. Jaketi okozi livaliwe, si likaliwe.

Kama ni wimbi lenyewe unalitaka lilainike, maelekezo ya baharini husema sekunde 1 au 2. Kwa wimbi la sekunde 3, hiyo inapishanisha wimbi moja juu ya jingine na unapata maziwa. Jaribu 1/4 hadi 1/2. Mchana wa jua kali, ISO 100, f/11 na filta ya ND64, ya kijivu inayopunguza mwanga mara 64, hukupa karibu 1/3.

Simu kwenye mfuko wa plastiki haikubali kuguswa

Kioo cha simu hutambua umeme wa kidole, na maji yanaonekana kwake kama vidole mia. Weka kitufe cha sauti kiwe cha kupigia kabla hujaingia. Simu ikizima kamera yenyewe, ni joto: mfuko haupumui. Izamishe mara kwa mara, usiianike.

Kasha lililoelea baharini, huku linazama

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban gramu 1,025, ya ziwa 1,000. Kasha la lita 3 linapoteza gramu 75 za kuinuliwa. Funga maboya ya nyavu mawili au matatu, yale yanayouzwa soko la Mwaloni, kwenye mshikio, na ujaribu kwenye ndoo kwanza. Kamba ya usalama ifungwe mkononi.

Kinyume chake hutokea kwenye safari: kasha lililofungwa Mwanza, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ukilishusha Dar es Salaam haliachii. Hewa ya nje imelibana. Safirisha oringi, ile pete ya mpira inayoziba kasha, ikiwa imetolewa.

Maji yameingia

Zima, toa betri, toa kadi, usiwashe "kuona kama inafanya kazi". Kuwasha ndiko kunakoua. Fungua milango yote, kausha kwa kitambaa, weka kwenye chombo kilichofungwa chenye silika jeli nyingi kwa siku mbili au tatu. Mchele haufikii kazi hiyo na unaacha unga. Kwa bahati, maji ya ziwa hayana chumvi ya kula saketi, lakini yana tope. Mpelekee fundi kamera aisafishe.

Kisha tafuta maji yalipopitia. Mara nyingi ni kitu kidogo cha kuchekesha: unywele, punje ya mchanga, au gamba moja la dagaa, jembamba na linaloangaza, limelala kwenye oringi na kuacha njia isiyoonekana hadi uielekeze kwenye mwanga. Toa oringi kwa ukingo wa kadi ya plastiki, si kisu. Ipitishe katikati ya vidole ukihisi mikato. Safisha mfereji wake kwa pamba ya masikio. Paka grisi iliyopendekezwa na mtengenezaji, kiasi cha punje ya mchele kwa mzunguko wote. Grisi nyingi haizibi zaidi, inakusanya mchanga zaidi. Mafuta ya kujipaka yasikaribie, huvimbisha baadhi ya mipira.

Jaribu bila kamera: tishu kavu ndani, kasha kwenye ndoo ya lita 20, jiwe juu, dakika 30, kila kitufe kibonyezwe mara 10 likiwa ndani ya maji. Tishu ikiwa na doa, ona doa liko upande gani.

Ngozi inawasha baada ya kutoka majini

Inaweza kuwa kichocho kimeingia. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hasa penye maji yaliyotulia, nyasi na magugumaji, hupenya ngozi kwa dakika chache, na huwa vingi zaidi mchana. Wengi hawawashwi kabisa, kwa hiyo kutowashwa si ushahidi. Ingia penye mchanga na mawimbi, vaa suti na viatu vya maji, jikaushe kwa taulo mara utokapo, ingawa hayo yote hayakupi uhakika. Waulize wavuvi wa mwalo huo kuhusu mamba na kiboko kabla hujalowa. Kipimo cha kichocho kifanywe wiki 6 hadi 8 au zaidi baada ya kuingia, kwa kuwa mayai hayaonekani mapema. Ukikutwa nacho utapewa prazikwanteli kulingana na uzito wako. Mwambie mhudumu ulikuwa ziwani siku ngapi na upande upi.